Zamu ya Kuangalia Betri

Iguguno, 9 Machi 2024

Dada yangu Elina,

Kosa ambalo watu wengi hufanya wanapotaka kuachana na moto ni kununua kifaa kwanza na kuuliza maswali baadaye. Mimi nimeuliza kwanza, ndiyo maana barua hii imechelewa. Shikamoo. Naona nimetanguliza somo nikaacha salamu nyuma. Kazi ya kufundisha fizikia imeniharibu na sasa ni mzee mno kurekebishwa.

Huku tu wazima. Alizeti imeanza kuchanua. Aneth, mkwe wangu, amejifungua mtoto wa kike na amenikataza kumpa jina la mwanasayansi yeyote. Mgongo wangu unauma asubuhi, mchana unasahau.

Sasa jambo lenyewe. Kwenye kikao cha Januari mwanao Bonifasi alisema mbele yetu sote kwamba jiko lako la nyasi limeungua, kisha rundo la mabua likaungua, na mara zote mbili moto ulitoka kwenye kiko chako. Ukiwaka wa tatu anakuja na gari kutoka Dodoma, na wewe unahamia chumba cha uani kwake. Ukamjibu kwamba katika nyumba ya marehemu mumeo Isaka utatoka umebebwa. Nikasimama katikati, kama kawaida yangu, nikaahidi kutafuta namna ya kuvuta isiyohitaji kaa la moto.

Nilikwenda Singida mjini, dukani kwa Nikunj anayeuza simu na redio. Nilimwambia nataka sigara ya umeme.

"Ya kijana wako, mwalimu?"

"Ya dada yangu. Ana miaka sabini na sita."

Akaweka chini kikombe cha chai. "Anapenda ladha gani? Ipo embe, ipo stroberi, ipo barafu."

"Anapenda ladha ya kiko alichorithi kwa mama mkwe."

"Hiyo haijaletwa bado," akasema, na akaiandika mahali.

Zipo za aina tatu. Ya kwanza ni ya kutupa: unavuta, ikiisha unatupa kifaa kizima pamoja na betri yake. Hiyo nimeikataa, kwa sababu kwenu taka huchomwa uani, na betri ya namna hii ukiichoma inaruka kama risasi. Ya pili ni kubwa kama kipande cha sabuni, ina betri mbili za mviringo za kuchomoa, na inatoa moshi wa kutosha kupotezea ng'ombe. Betri zake zikikaa mfuko mmoja na sarafu au funguo, chuma kinagusana na chuma na mfuko unawaka. Nakijua kipindo cha khanga yako na vilivyomo. Ya tatu ni nyembamba kama kalamu nene: betri yake imefungiwa ndani, ina kikopo kidogo cha maji ya kuvuta, ina taa nyekundu ikichajiwa na ya kijani ikijaa. Hiyo ndiyo nimekununulia, pamoja na chaja yake na chupa moja ya maji. Elewa kwamba ndani ya maji hayo nikotini ipo ileile. Nimeondoa moto tu, sijaondoa tumbaku moyoni mwako.

Ile kubwa nimejinunulia mimi kwa ajili ya majaribio, kwa maana siwezi kumwelekeza mtu kitu nisichokijua.

Godfrey, konda wa basi la Mwanza–Dodoma, atakushushia mzigo.

Mdogo wako,
Melkiori


Kintinku, 2 Aprili 2024

Mdogo wangu Melkiori,

Marahaba. Mtoto wa Aneth nimemfurahia, mwambie asikusikilize. Huku mvua imekatika mapema, mtama umesimama kwa kiburi tu. Kuku wangu wawili wamechukuliwa na kicheche. Mbuzi wazima.

Kitu chako nimekipata. Mwanzo nilivuta upande wa chaja. Baadaye nikavuta upande wenyewe nikakohoa embe. Kina ladha ya mtoto aliyetoka kula matunda. Ila sikatai, kiko nimekitundika ukutani na hakijashuka.

Ulinisumbua sana kuhusu moto, lakini hukuniuliza moto ule ulikuwa unafanya nini. Asubuhi Amne jirani yangu alikuwa anakuja kuchukua kaa la kuwashia jiko lake, maana anajua kwangu halizimi. Mama Faith vivyo hivyo, na mama Urbano. Akija mtu kuchukua kaa anakaa kidogo. Juzi Amne amekuja na kigae chake, nikamwonyesha hicho kikalamu. Akakitazama, akaniuliza, "Sasa hapa nachota nini?" Akanunua kiberiti. Siku hizi napata utulivu mwingi. Naweza kusikia mchwa wakila mlango.

Kuchaji nakichaji kwenye ile sola ndogo ya Bonifasi. Nakiweka juu ya bati pamoja nayo, kipate jua lake mwenyewe. Nilifanya hivyohivyo na simu mwaka jana, ikavimba ikafa, ndiyo maana nakuandikia. Nadhani simu ile ilikuwa mbovu.

Dada yako,
Elina


Iguguno, 21 Aprili 2024

Dada Elina, shikamoo.

Mtoto ameitwa Bijal, jina la mkunga wa mjini aliyempokea, na Aneth hataki maoni yangu. Pole kwa kuku.

Simu haikuwa mbovu. Uliikaanga. Nisikilize kwa utulivu, maana nyumba yako iko ndani ya aya hii.

Sola inakula jua, betri haili. Betri ni kama mtu wa huko kwenu mwezi wa kumi: anataka kivuli. Kitoe juani leo. Sola ibaki juu ya bati, waya uingie ndani, kifaa kilale mezani penye ubaridi, mbali na godoro, mapazia na mabua. Usikilaze chini ya mto. Tumia chaja iliyokuja nacho tu, hata kama ya simu ya Amne inaingia. Nguo ya jirani inaweza kukuingia na bado isiwe yako. Usingoje kife kabisa ndipo uchaji, na usikiache kwenye waya kikishajaa. Kikiingia maji, kikiwa cha moto mkononi, kikinuka vibaya au kikibadilika umbo, usikichaji tena.

Na hili ndilo kubwa kuliko yote: usikiache kamwe kikichajiwa bila mtu wa kukiangalia.

Majaribio ya kile kikubwa yanaendelea vizuri. Nimebadilisha ladha mara moja ili kupata ulinganisho.

Melkiori


Kintinku, 30 Mei 2024

Melkiori,

Marahaba. Tumevuna mtama, si haba. Bijal ni jina zuri. Nimetuma karanga kwa Godfrey, zikipungua njiani usishangae.

Nimefuata maelekezo yako yote. Kimetoka juani, kinalala ndani kwenye meza ya marehemu, juu ya kitambaa. Umesema kisiachwe bila mtu wa kukiangalia. Mimi nina mbuzi na shamba, siwezi kukaa. Kwa hiyo nilimwita Amne nikamsomea barua yako. Akasema, "Mwalimu kasema kamwe?" Nikasema kaandika kamwe. Akaenda kuleta mkeka.

Sasa tuna zamu. Amne anaanza, mama Faith anapokea, mama Urbano anamalizia, na mimi niko hapohapo kwa sababu mgonjwa ni wangu. Wa zamu haondoki mpaka mwenzake afike. Wanakuja na kazi zao, huyu anachambua mlenda, yule anapukuchua. Anayeingia anawaamkia wote, mbukwa kwa huyu, mbukwa kwa yule, halafu anauliza, "Ameamkaje?"

"Bado nyekundu."

"Pole yake."

Mama Faith alileta uji. Nikamwambia huyu hali. Akasema, "Najua hali, lakini waliokaa naye wanakula," na uji ukaisha. Taa ilipogeuka kijani mama Urbano akapiga kigelegele, watu wa njiani wakadhani pamezaliwa mtoto. Katekista Paschal naye alipita, akasikia kuna anayeangaliwa, akaingia akavua kofia akaomba kwa muda mrefu. Alipomaliza ndipo akauliza jina la mgonjwa. Tukatazamana. Amne akamwonyesha. Yule baba ni muungwana, alisema amina mara ya pili akakaa kula karanga.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Kinachajiwa kila siku, mara nyingine asubuhi na jioni. Hakijawahi kuachwa peke yake hata kidogo.

Elina


Iguguno, 18 Juni 2024

Dada Elina, shikamoo.

Karanga zilipungua kama ulivyosema. Baridi ya huku imekuwa kali na upepo hauachi mtu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikamsomea Aneth, akacheka mpaka mtoto akaamka. Mimi sikucheka sana. Mwalimu akiona mwanafunzi amefuata kila neno na bado amekosea, anajua kosa liko ubaoni.

Niliposema mtu wa kukiangalia, nilimaanisha mtu mmoja awepo nyumbani, apitepite, akigundua kinapata moto achomoe waya. Sikumaanisha kamati. Kinajaa kwa muda wa kuivisha maharage, kikijaa unachomoa, basi. Na kuchaji kila siku, mara mbili kwa siku, ni kukiua. Betri haipendi kushiba daima wala kukaa na njaa, inapenda katikati. Isiyotumika huachwa ikiwa nusu na kuwekwa mahali pa ubaridi.

Hapo ndipo nashindwa kukuelewa. Ili kichajiwe mara mbili kwa siku lazima uwe unavuta kama treni iliyokuwa inapita kwenu zamani. Lakini nilikutumia chupa moja ndogo tangu Machi na hujaomba nyingine. Unavuta kiasi gani, dada? Nijibu hilo.

Mimi bado nalinganisha. Mambo ya kitaalamu hayataki haraka.

Melkiori


Kintinku, 25 Julai 2024

Melkiori,

Marahaba. Barua yako ya Juni imefika jana. Godfrey aliisahau chini ya kiti, imekwenda Dodoma na kurudi Mwanza, imetembea kuliko sisi wawili. Ingefika mapema ingeniokolea aibu. Au ingeninyima raha, sijui.

Godfrey huyo mdomo hauna mlango. Akiwa stendi ya Dodoma alimwambia Bonifasi, "Poleni na mama. Wanawake wamejaa pale, wanapeana zamu, na katekista keshaomba." Bonifasi hakuuliza la pili. Unajua anauza mbao. Alichagua mbao nzuri ghalani kwake, akapakia kwenye gari, akabeba na shangazi zake wawili.

Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nafunga mbuzi. Nikasikia mwanaume analia. Nimezunguka, namwona mwanangu amepiga magoti mlangoni, na ndani Amne anamkemea:

"Nyamaza! Usipige kelele, leo hali yake si nzuri."

"Bado yuko hai?"

"Taa nyekundu tangu asubuhi."

"Taa gani? Mama yuko wapi?"

"Mama yako anafunga mbuzi."

Akageuka. Nikamwambia, "Bonifasi, unamlilia nani?" Akanitazama mimi, akaitazama meza, akakitazama kile kikalamu juu ya kitambaa na wanawake watatu wamekizunguka. Akasema, "Shikamoo mama," machozi bado yanatoka.

"Marahaba. Na zile mbao za nini?"

Akafikiri. "Za kabati."

"Basi shusha. Nilikuwa nahitaji kabati."

Shangazi zake walicheka wakakaa, wakala, wakaingia zamu ya jioni. Yeye hakucheka. Alisema amesoma kwenye simu kwamba betri hizi huwaka zenyewe. Alisema bora kiko, kiko unakiona kikiwaka. Kisha akatoa neno lake: akirudi mwisho wa Agosti akikuta kitu hiki kingali ndani ya nyumba, atanipakia mimi badala ya mbao. Kikiwa kimeondoka, hatanigusa tena, na kabati atakuja kulipiga yeye mwenyewe.

Nimemwambia hakiondoki.

Usiniulize sababu. Nyumba ni yangu na kitu ni changu.

Hali yake ni nzuri tu. Kimenona kidogo tumboni, kikiwekwa mezani kinabembea, hakikai sawa. Akina Amne wamefurahi, wanasema huduma imemkubali. Usiku nakichomoa kama ulivyosema.

Uliuliza navuta kiasi gani. Navuta ninavyovuta. Na wewe nijibu langu: Godfrey anasema unapanda basi lake kwenda Singida kila mara, ukirudi unanukia maembe na maembe si msimu wake. Hata karatasi ya barua yako inanuka. Jaribio lako linaisha lini?

Elina


Iguguno, 8 Agosti 2024

Dada Elina,

Shikamoo. Huku wazima, na salamu za wote utazipata siku nyingine, leo nina haraka.

Niliposoma neno "kimenona" nilisimama. Betri hainoni. Betri iliyonona imejaa gesi, na hiyo ndiyo inayosubiri kuwaka. Nikampigia Amne simu palepale. Aliniambia, "Mwalimu, niko zamu, nipigie baadaye," akakata. Nikapiga tena nikampigia ukelele kama niko darasani. Nikamwambia achomoe waya kama upo, asikibonyeze wala kukitoboa, akilaze kwenye ndoo ya mchanga mkavu, na ndoo aipeleke uwanjani, mbali na nyumba, mbali na mabua, mbali na mbuzi. Alifanya vizuri sana. Nilipopiga jioni kuuliza, akasema ndoo iko salama na mama Faith ndiye anayeilinda.

Kwa hiyo moto wa tatu hautatokea, na ndoo itakaa huko mpaka Nikunj apate mtu anayepokea betri mbovu. Jana nimezungumza na Bonifasi. Anasema, "Mjomba, kikiwa hakimo ndani, mimi neno langu ni lile. Mama akae." Halafu akasema hajawahi kuona nyumba ile ina watu wengi hivyo tangu tulipomzika baba yake. Akaniuliza kama mti wa kabati upakwe mafuta au rangi.

Nyumba yako unayo, dada. Bado nakuona umenuna.

Nimekaa na barua zako zote mezani, na nimefanya nilichopaswa kufanya Aprili. Nilikueleza betri kwa kurasa nyingi, na wewe ulikuwa umeniambia habari ya kaa la moto kwa mistari michache nikairuka. Chupa ile ya maji iliisha zamani, au haikuisha, ulikiacha tu. Mtu anayevuta huomba chupa ya pili. Hukuwa unachaji ili uvute. Ulikuwa unachaji ili taa iwe nyekundu, na ikiwa nyekundu Amne alete mkeka.

Sikulaumu. Ningekuwa na wewe ningeuliza "Ameamkaje?" kama wengine. Lakini sikubali uniambie kwamba wale wanawake walikuwa wanakuja kwa ajili ya kikalamu cha dukani kwa Nikunj. Waulize. Mama Faith alisema anajua huyo hali, na uji akaleta. Hivi sasa wanalinda ndoo ya mchanga, kitu ambacho hata mimi, mwenye kupenda maelezo, sikuwaagiza na siwezi kukieleza kwa fizikia yoyote. Ndoo haihitaji mtu. Nawe huwezi kuwaambia hivyo kwa sababu unaogopa wataondoka.

Swali lako kuhusu jaribio langu nitalijibu ana kwa ana. Nakuja na basi la Jumamosi, niandalieni zamu.

Nimemwambia Godfrey akukabidhi barua hii mkononi, si chini ya kiti. Atapita kwenu kabla ya saa kumi, na akina Amne huja jua likipungua. Leo, kabla hawajafika, bandika chai kwenye ile sufuria kubwa.

Mdogo wako,
Melkiori